Pumzi ya Enrico Caruso: mazoezi ya kupumua yanaweza nini, na hayawezi nini

Kila somo la mazoezi ya kupumua linapoanza kwenye kikundi cha akina mama, swali linalofuata huwa lile lile. Mtu mzima asiye na ugonjwa akifanya mazoezi haya kila siku, mapafu yake yatakuwa na nguvu zaidi? Na je, ndiyo hatapata nimonia tena? Swali la kwanza lina jibu zuri. La pili lina jibu ambalo mama anapaswa kulijua mapema, na kwangu mimi maisha ya mwimbaji Enrico Caruso yanalieleza vizuri kuliko mchoro wa mapafu ukutani.

Caruso alizaliwa Napoli, Italia, tarehe 25 Februari 1873. Baba yake, Marcellino, alikuwa fundi katika kiwanda cha kuyeyusha na kusubu vyuma. Mama yake aliitwa Anna. Kuna hadithi iliyoenea sana kwamba mama huyu alizaa watoto 21 na kwamba Enrico alikuwa wa 18. Waliochunguza kumbukumbu za vizazi hawakukuta hivyo. Walizaliwa watoto 7, yeye akiwa wa tatu, na watatu tu ndio waliovuka utoto. Binafsi naona idadi ya kweli inatisha kuliko ile ya hadithi. Mama mmoja, watoto saba, wanne wamezikwa. Hakukuwa na chanjo za utotoni kama za leo, na dawa za kuua bakteria zilikuwa bado hazijajulikana.

Anna ndiye aliyetaka kijana asome na aendelee kuimba. Baba alitaka afuate ufundi. Akiwa na miaka 11 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi aliyetengeneza chemchemi za maji za mjini, na hata alipokuwa tajiri Caruso alipenda kuwaonyesha watu chemchemi moja ya Napoli ambayo alishiriki kuiweka. Jioni na siku za ibada aliimba kanisani. Mama yake alifariki mwaka 1888, Enrico akiwa na miaka 15. Baba akaoa tena, na kijana akaanza kutafuta riziki kwa sauti yake, akiimba mitaani na kwenye mikahawa ya Napoli.

Sauti hiyo haikuwa kubwa hapo mwanzo. Alikuwa tenori, na noti za juu zilimshinda. Sauti ilikuwa ikipasuka katikati ya wimbo. Alipoitwa jeshini, alikaa siku 45 tu, kisha mdogo wake akachukua nafasi yake ili yeye arudi kwa mwalimu. Tarehe 15 Machi 1895 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika opera, hapo hapo Napoli. Kuna picha yake ya miaka ile amejifunika shuka kama vazi la heshima, kwa sababu shati lake moja la maana lilikuwa limefuliwa.

Kati ya kijana yule wa sauti ya kupasuka na mtu aliyekuja kujaza kumbi kubwa za dunia bila kipaza sauti, kulikuwa na miaka ya kazi ya kila siku. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa pumzi.

Msuli unaofanya kazi usiku na mchana

Chini ya mapafu, juu ya ini na tumbo, kuna msuli mpana uliojikunja kama bakuli lililofunikwa. Kwa Kiswahili huitwa kiwambo, na wengine husema dayaframu. Neno kiwambo limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuyapanua. Ni kiwambo kinachokaza na kushuka, kifua kinapata nafasi, na hewa inaingia. Mtu akipumua kwa utulivu kinashuka sentimita moja au mbili hivi. Akivuta pumzi ndefu kabisa kinashuka mara kadhaa ya hapo. Kutoa pumzi ukiwa umetulia hakuhitaji nguvu: kiwambo kinalegea, kinarudi juu, hewa inatoka.

Mwimbaji anakabiliwa na kazi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi. Anavuta hewa nyingi kwa muda mfupi, kisha anairuhusu itoke polepole sana huku sauti ikibaki imara. Ili afanye hivyo, misuli ya mbavu na ya tumbo inashirikiana na kiwambo kuzuia hewa isitoke yote kwa mkupuo. Caruso aliliona jambo hili kuwa msingi wa uimbaji wake wote. Mwaka 1909 kilitoka kitabu kidogo chenye maelezo yake na ya mwimbaji mwenzake Luisa Tetrazzini, na pumzi imepewa nafasi kubwa humo.

Wakati wake hakukuwa na njia ya kupima kiwambo cha mtu mzima mwenye afya na kuona kimebadilika kiasi gani. Leo ipo. Kuna kifaa kidogo cha mkononi chenye mdomo wa kuvutia hewa na kizuizi ndani yake. Unavuta pumzi kwa nguvu dhidi ya kizuizi, kama anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Utaratibu unaotumika sana ni pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, kizuizi kikiwa kimewekwa karibu nusu ya nguvu yote ya mhusika.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba watu wazima wenye afya waliofundisha misuli ya kupumua kwa wiki 5 waliongeza nguvu ya misuli hiyo kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2006 ukachapishwa utafiti mwingine, wa watu wenye afya waliofanya mazoezi kwa wiki 8 kwa asilimia 80 ya uwezo wao. Walipimwa kwa ultrasaundi, ile ile tunayoifahamu kliniki ya wajawazito, na kiwambo chao kilionekana kinene zaidi kinapokaza. Kwa hiyo kiwambo ni msuli kama ule wa mkono. Ukikipa kazi, kinanenepa na kupata nguvu. Ukiacha, miezi michache baadaye faida inaanza kupotea.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mtu anapofanya kazi nzito sana, misuli ya kupumua ikichoka, mwili hupunguza damu inayokwenda miguuni ili kiwambo kisikose. Ndiyo maana miguu huanza kuwa mizito kwenye mbio au kwenye mlima. Kiwambo kilichozoezwa huchelewa kuchoka, kwa hiyo miguu nayo hupata ahueni. Wanariadha wamenufaika na hili, ingawa si kwa kiasi kinachotangazwa na wauzaji wa vifaa.

Jambo ambalo mazoezi haya hayafanyi ni kubadilisha mapafu yenyewe. Vifuko vya hewa haviongezeki. Utando unaofunika mapafu hauwi mgumu zaidi, na bakteria hawajali unene wa kiwambo chako.

Niseme neno kwa wajawazito, maana huulizwa sana. Mimba inapokua hukisukuma kiwambo juu kwa sentimita kama 4, na mama huhisi pumzi fupi hata akiwa ameketi. Kwa kawaida hiyo si dalili kwamba kiwambo kimedhoofika, bado kinafanya kazi vizuri. Usinunue kifaa cha kuvuta pumzi kwa nguvu ukiwa mjamzito bila kuongea na mhudumu wa afya, na pumzi fupi ikija ghafla, au pamoja na maumivu ya kifua, mapigo ya moyo kwenda mbio au mguu mmoja kuvimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mwenye pumu isiyotulia, tundu kwenye ngoma ya sikio, au aliyewahi kuvuja hewa kifuani naye aulize kwanza.

Sauti inayoenea duniani

Caruso alipofika miaka ya 1900 noti za juu zilikuwa zimekaa sawa. Desemba 1900 aliimba La Scala, Milan, ukumbi ambao kila mwimbaji wa Italia aliuota. Aprili 1902, katika hoteli ya mji huo huo, alirekodi nyimbo 10 kwa pauni 100. Wakati ule mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora sauti. Waimbaji wengi walisikika kama wanaimba ndani ya mtungi. Yeye alisikika vizuri, sahani zikauzwa, na jina lake likafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Novemba 1903 alianza Metropolitan Opera ya New York, na hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake kikazi kwa miaka 17 iliyofuata. Aliimba pale zaidi ya mara 850. Mwaka 1906 alikuwa San Francisco tetemeko kubwa lilipoibomoa, akatoka salama. Mwaka 1909 alifanyiwa upasuaji wa kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Alikuwa na wana wawili na mwimbaji Ada Giachetti, uhusiano uliovunjika vibaya, na mwaka 1918 alimuoa Dorothy Park Benjamin wa Marekani. Binti yao Gloria alizaliwa Desemba 1919.

Kwa mtu aliyeitegemea pumzi namna hiyo, alijitendea vibaya. Alivuta sigara kali za Misri, nyingi sana kila siku. Hakupenda mazoezi ya mwili. Ratiba yake ilikuwa ya kuchosha, na maumivu ya kichwa yalimsumbua miaka mingi. Tukisema ukweli, msuli wake mmoja ulikuwa wa bingwa na mwili uliobaki haukutunzwa. Kuzoeza kiwambo hakufuti moshi wa sigara.

Desemba 1920

Mapema mwezi huo, akiwa jukwaani, nguzo ya mapambo ilianguka na kumgonga mgongoni upande wa kushoto. Siku chache baadaye akapata baridi na kikohozi, kisha maumivu makali ubavuni katikati ya onyesho. Daktari alimwambia ni mishipa ya fahamu iliyo kati ya mbavu. Aliendelea na kazi.

Tarehe 11 Desemba, huko Brooklyn, alitoka damu mdomoni akiwa anaimba. Alijaribu kuendelea, akipokea taulo moja baada ya nyingine, hadi onyesho lilipokatishwa baada ya sehemu ya kwanza. Baada ya hapo alirudi jukwaani mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa mkesha wa Krismasi.

Hapa ndipo nguvu ya kiwambo inapoweza kudanganya watu. Mgonjwa anayepumua kwa shida akiwa na misuli imara anaweza kuonekana ana nafuu kuliko alivyo, kwa sababu misuli inafanya kazi ya ziada kufidia. Watazamaji waliona mtu anaimba opera nzima. Nani angedhani kifuani pake kuna usaha?

Siku ya Krismasi maumivu yalimzidi, akalia kwa sauti. Madaktari wengine waliitwa, nao wakatambua kwamba utando wa mapafu umeshambuliwa na usaha umejaa kati ya mapafu na mbavu. Sisi tungesema kichomi, kile kilichofika hatua mbaya. Utando huo una matabaka mawili yanayoteleza moja juu ya lingine, na tabaka la nje linafunika pia sehemu ya juu ya kiwambo. Ukivimba, kila kushuka kwa kiwambo kunayasugua matabaka hayo. Ndiyo sababu kichomi huchoma wakati wa kuvuta pumzi, kukohoa au kucheka, na ndiyo sababu mgonjwa huanza kupumua kijuujuu, akiushika ubavu wake. Wakati mwingine maumivu hutokea begani, kwa kuwa neva ya kiwambo inaanzia shingoni, na mtu anaishia kupakwa dawa ya kuchua.

Alipasuliwa mara kadhaa katika miezi iliyofuata. Kipande cha ubavu kiliondolewa ili usaha upate njia. Hakukuwa na antibiotiki yoyote ya kumpa. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na wagonjwa wa kwanza kuipata mwilini walikuwa wa mwaka 1941. Madaktari wa Caruso walikuwa na kisu, mpira wa kutoa usaha, na subira.

Alipata nafuu kidogo. Mwishoni mwa Mei 1921 alisafiri kwa meli kurudi Italia na Dorothy na mtoto, akapumzika Sorrento kando ya bahari. Homa ikarudi. Madaktari mashuhuri kutoka Roma walimwona, wakapanga afanyiwe upasuaji wa figo huko. Akiwa njiani, katika hoteli ya Vesuvio mjini Napoli, hali ilibadilika usiku. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1921. Alikuwa na miaka 48, na Gloria alikuwa hajafikisha miaka miwili.

Madaktari wengi walioichambua historia ya ugonjwa wake baadaye wanaona kwamba usaha ulikuwa umejikusanya kama jipu chini ya kiwambo, na jipu hilo likapasuka ndani ya tumbo. Msuli uliomfanya awe Caruso ulikuwa ukuta ambao ugonjwa ulijificha nyuma yake.

Leo ingekuwaje

Mgonjwa kama yeye akifika hospitali mapema leo, hupigwa picha ya kifua na ultrasaundi, usaha hutolewa kwa mrija, na dawa za antibiotiki huanza mara moja. Wengi hupona, na mazoezi ya pumzi huja baadaye, wakati wa kurudisha nguvu, chini ya uangalizi. Katika kichomi kikali hayana kazi. Usimlazimishe mtu mwenye homa na maumivu ya ubavu kuvuta pumzi ndefu ili eti kifua kifunguke, halafu ukasubiri wiki. Maumivu ya kifua yanayoongezeka ukivuta pumzi, pamoja na homa, kikohozi, damu kwenye makohozi au jasho la usiku, yapelekwe kituo cha afya siku hiyo. Na kama uliambiwa ni misuli au baridi tu, lakini siku mbili tatu zimepita na homa ipo, rudi. Una haki ya kurudi na kusema bado.

Kwa watoto wadogo usingoje hata hizo siku mbili. Mtoto mchanga hupumua kwa kiwambo karibu peke yake, maana mbavu zake ni laini, kwa hiyo tumbo kupanda na kushuka ni kawaida kwake. Kisicho kawaida ni sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila anapovuta hewa. Hapo kiwambo kinavuta kwa nguvu kupita uwezo wa mbavu, na kwa mtoto msuli huu huchoka haraka. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno, na anahitaji kuonwa siku hiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akiwa mlegevu, ondoka naye sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kadi yake ya kliniki iangalie pia. Chanjo ya kuzuia nimonia inahitaji dozi zote, na dozi iliyorukwa huweza kutolewa ukimrudisha.